Shahidi Asiye na Kibali

Amani iwe nanyi wote, kina mama mliokaa mbele na nyie kina baba mliojibana kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka. Msitoroke. Mama mchungaji amenipa nafasi ya kuzungumza, akanisihi niwe mfupi na niwe mpole. Ufupi nitajaribu. Upole, ndugu zangu, uliniishia mahakamani, kwa hiyo mnivumilie. Na nitazungumza nikiwa nimekaa, maana huu mguu wa kulia haupendi kusimama, na habari yake mtaisikia sasa hivi.

Nataka kuwaambia juu ya hukumu. Siyo ile ya siku ya mwisho, hiyo tunahubiriwa kila Jumapili. Nasema hukumu za hapa hapa, za hakimu mwenye miwani na karani mwenye kalamu.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Wengi humu mnaikumbuka. Boti zinashusha watu kutoka Kongo, Warundi wanaingia kwa miguu na magodoro kichwani, mji umejaa magari meupe ya mashirika ya misaada, na kila mwenye leseni ya udereva amegeuka bwana mkubwa. Mume wangu alikuwa dereva. Jina lake naliacha. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawajapungukiwa na kitu. Aliendesha lori la kupeleka mahindi na maharage kambini, barabara ya Kasulu. Akipita Kidahwe watoto wanampungia mkono. Akiingia sokoni Mwanga wanamwita Baba Mahindi, wanampisha akae kwenye kiti kizuri. Mtu anayelisha maelfu, nani atamdhania vibaya?

Nyumbani Baba Mahindi alikuwa mtu mwingine. Kupigwa kwa kawaida sitawasimulia, maana hata nyie kina mama mnaotikisa vichwa hapo mnajua kulivyo. Nitasimulia mara mbili tu, zile zilizofika mahakamani.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya migebuka, samaki wetu wa ziwani, iliyoungua. Nilikuwa nimetoka Kibirizi kuanika dagaa, nimechoka, nikasinzia jikoni. Alipoingia akakuta moshi. Alinikunja mkono wa kushoto nyuma ya mgongo mpaka ukalia. Nilisikia kwa masikio yangu mfupa ukikatika, na yeye alisikia pia, maana aliuachia haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Nilikwenda polisi mwenyewe kwa miguu, wakanipa fomu ya matibabu, nikaenda hospitali, nikalazwa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Siku zile hospitali ilikupa kitanda na sindano. Chakula ulileta mwenyewe. Mimi kwetu ni mbali, huko juu upande wa Kasulu, na watoto wangu wawili walikuwa wadogo. Siku mbili nzima nilikuwa namwangalia mgonjwa wa kitanda cha pili akila, nikageukia ukutani. Siku ya tatu akaingia mama mkwe na kapu. Ugali bado unatoa moshi, na mgebuka wa kuchoma. Akaninawisha mkono mzima, akanimegea. Sikuuliza kitu. Nilikula mpaka nikalamba vidole, na mama mkwe akakaa pembeni ananitazama, anatabasamu.

Wenzangu Waha mmeshaelewa. Naona mmeinama. Wageni ngoja niwaeleze. Kwetu, mtu aliyekukosea akikuletea chakula ukakila, shauri limekwisha. Hakuna anayekufundisha hivyo, unakua unawaona wakubwa wakifanya. Mimi nilikuwa najua. Lakini tumbo halina mila, tena nilidhani mambo ya ukoo ni ya ukoo, na ya serikali ni ya serikali. Nilidhani kuna ukuta katikati.

Hakuna ukuta. Siku ya kesi mume wangu alisimama pale kizimbani amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mimi mwenyewe, kwa mkono mmoja. Akakiri kosa bila kubisha. Nikashangaa, nikasema moyoni, leo amefanya uungwana. Hakimu akamuuliza kama ana la kusema kabla hajapewa adhabu. Akasema, "Mheshimiwa, hilo shauri tulishalimaliza nyumbani. Mke wangu amekula chakula cha mama yangu. Wazee ni mashahidi."

Na wazee walikuwepo kweli. Wamejipanga kwenye benchi, makoti yamefungwa vifungo mpaka shingoni. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Hakimu akanigeukia. "Mama, ni kweli ulikula?"

Nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa, lakini nilikuwa na njaa."

Watu wakacheka. Hakimu naye akatabasamu. Akasema haya ni mambo ya nyumbani, mahakama haipendi kuvunja ndoa, mshtakiwa ni kosa lake la kwanza, ni tegemeo la familia, tena kazi yake ina manufaa kwa watu wenye shida. Akampa kifungo cha nje. Maana yake alale nyumbani kwake na asifanye kosa lingine kwa muda waliomwekea. Nyumbani kwake ndiko kwangu, ndugu zangu. Walimfunga kwangu!

Na ningekuwa nimetoka mapema nisingejua uchungu wa hukumu ile. Lakini mguu ulinifia ganzi kwa kukaa, nikabaki kwenye benchi, nikasikiliza kesi zilizofuata. Akaletwa kijana aliyempiga mwenzake jiwe pale Mwanga wakigombania mteja. Meno mawili. Hakimu akakunja uso, akasema ukatili wa namna hii hauvumiliki, akamtupa ndani miaka miwili. Akaletwa Mrundi mmoja, mzee kiasi, amekamatwa Gungu anapasua kuni kwenye nyumba ya mtu. Kosa lake kuonekana nje ya kambi bila kibali. Hakumgusa mtu, hakuiba. Miezi sita, ndani. Mimi nimekaa pale na mkono umefungwa plasta, nikapima: meno ya mtu wa sokoni, kuni za mkimbizi, mkono wa mke. Mkono wangu ndio uliokuwa mwepesi kuliko vyote.

Tukarudi nyumbani. Mlitaka niende wapi? Wengine mnaniuliza hivyo mpaka leo, kwa nini hukuondoka, kama vile kulikuwa na mlango mwingine mnaoujua nyie mkanificha.

Katika muda huo ndipo nilipompata dada wa uani. Namwita hivyo kwa sababu alilala kwenye chumba cha uani, tulichokuwa tunawekea magunia. Alikuwa Mrundi wa upande wa Rumonge, mjane, Kiswahili anakijua lakini akikasirika kinamkimbia. Alikuwa ametoka kambini bila ruhusa, kama wengi walivyokuwa wakitoka, kutafuta kazi. Alinikuta Kibirizi nahangaika kugeuza dagaa kwa mkono mmoja, akachukua ufagio bila kuombwa, akageuza dagaa wote pale mchangani. Nilipomshukuru akasema, "Kesho nitakuja tena, mkono wako hautaponea hapa." Akaja, na mwisho akabaki. Mume wangu hakupinga. Kwake alikuwa mtu wa kufua nguo bure.

Basi, mara ya pili. Ilikuwa alasiri, jua kali, watoto wako shule. Alirudi safari akiwa amekunywa, lakini nawaambia ukweli, pombe haikuwa sababu. Alikuwa ametaniwa huko barabarani na madereva wenzake. Wamemwita mfungwa wa mke wake. Aliingia na spana ya magurudumu mkononi, ile ndefu. Akaniambia, "Umenipa jina la mfungwa. Na mimi nitakupa jina." Akanipiga nayo gotini. Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nilikuwa chini tayari.

Nilipiga kelele, mnaelewa? Kuta zetu za tofali za udongo, mtu akikohoa kwake unamwambia pole. Nilipiga kelele, na nikasikia dirisha la jirani likifungwa. Nikasikia na la pili.

Aliyekuja ni dada wa uani. Alikuwa anafua, aliingia na mapovu mpaka kwenye viwiko. Alimrukia mume wangu mgongoni, akang'ang'ania shingo yake, anapiga mayowe ya Kirundi ambayo hata mimi sikuyaelewa yote. Spana ikadondoka. Mume wangu akamtupa chini, akatoka nje, akawasha lori akaenda zake. Dada ndiye aliyetafuta mkokoteni wa kunipeleka. Alikuwa anajua kabisa njia ile ina polisi. Akausukuma mwenyewe.

Wodini, siku ya pili, mama mkwe akaja na kapu. Safari hii wali na samaki kuhe wa nazi. Kosa limekua, na mboga nayo imekua.

"Mwana wanje, mwanangu, kula," akaniambia.

"Shikamoo mama. Sili."

"Utakufa na njaa?"

"Nitakufa na njaa."

"Unaukataa mkono wangu?" Akaanza kulia, na nadhani kilio kilikuwa cha kweli. "Mimi nimekukosea nini? Nimezaa tu."

Nikamwambia, "Hujanikosea, mama. Lakini ugali niliokula mara ya kwanza ulikuwa ushahidi wa mwanao. Chukua kapu lako."

Akaondoka. Wodi nzima ilinitazama kama mchawi. Mgonjwa wa jirani akaniambia, dada, wewe una roho ngumu, kuhe yule! Na nilikuwa na njaa kweli, harufu ya nazi ilibaki pale kitandani mpaka jioni. Dada wa uani alikuwa akiniletea uji kwenye kopo la maziwa ya unga, asubuhi na mapema kabla askari hawajajaa barabarani. Kwa uji ule nikashinda.

Askari mmoja wa kike ndiye aliyeshika jalada langu. Mungu ambariki popote alipo, alikuwa mkali na hakunidanganya. Akaniambia, "Mama, mumeo safari hii hakiri. Anasema uliteleza kwenye mawe ufukweni. Akikiri atabebeshwa na lile la kwanza, kwa hiyo atakataa mpaka mwisho. Nani aliona?" Nikamtajia majirani. Akaenda nyumba hadi nyumba. Huyu alikuwa amelala. Huyu alikuwa ibadani, siku ya Jumanne! Huyu alisikia kelele akadhani ni redio.

"Hakuna mwingine?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Niliogopa kumtaja dada wa uani. Nilikuwa nimeona yule mzee wa kuni.

Nilipotoka hospitali na magongo nikamwambia dada mwenyewe. Tulikuwa uani, anachambua maharage. Nikamwambia, "Kesi ni wiki ijayo. Wewe usije. Ukisimama pale watakuuliza kibali."

"Ndabizi," akasema. Najua.

"Watakufunga."

"Ndabizi."

"Basi kaa. Nitasema mwenyewe."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mimi mume wangu aliuawa mchana, watu wameona. Mji mzima umeona. Hakuna aliyesema. Nikavuka mpaka na watu walioona, tunatembea pamoja, wananipa pole." Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Sitaki kuwa kama wao. Usiniombe tena."

Nikalia. Sikumwomba tena.

Siku ya kesi alivaa kitenge changu cha kijani, kile kizuri. Hakimu alikuwa mwingine, mgeni katika mji, hajui mila zetu. Dada akaapa. Akasema aliyoyaona, pole pole, akionyesha kwa mkono spana ilivyopanda na ilivyoshuka. Mume wangu akapewa nafasi ya kumuuliza maswali. Aliinuka akitabasamu, na nikajua swali lake kabla halijatoka.

"Wewe unaishi wapi?"

"Uani kwako."

"Kambi yako ni ipi?"

Akaitaja.

"Kibali cha kutoka kambini kiko wapi?"

Mwendesha mashtaka akainamisha kichwa. Askari wa mlangoni akasogea hatua moja ndani.

Dada akasema, "Kibali sina. Macho ninayo." Halafu Kiswahili kikamkimbia, akajipiga kifua. "Narabonye! Narabonye n'amaso yanje!" Hata hakimu hakuhitaji mkalimani. Alikuwa anasema, niliona, niliona kwa macho yangu.

Mume wangu akatiwa hatiani. Akaanza nyimbo zile zile: mheshimiwa, nina watoto, mheshimiwa, wananitegemea. Hakimu akaniuliza, kwa nia njema nadhani, "Mama, nyinyi ni familia. Hamjapatana?"

Nikashika magongo, nikasimama. Nikasema, "Hapana, mheshimiwa. Safari hii sijala chakula chao." Karani akamnong'oneza maana yake. Nikaendelea. "Mara ya kwanza nilikula kwa njaa, mkaandika nimesamehe. Anasema anategemewa. Watoto wanakula dagaa wangu, muulizeni ada ya shule alilipa lini. Na mnasema ni mambo ya nyumbani. Mheshimiwa, goti langu halikuvunjika kidogo kwa sababu lilikuwa nyumbani. Ningevunjiwa sokoni Mwanga, mngempa miaka mingapi?"

Aliandika kwa muda mrefu. Akampa miaka mitatu.

Naona mnapiga makofi. Acheni, sijamaliza. Na mimi nilitaka kushangilia. Nilitoka nje kumtafuta dada nimkumbatie, nikamkuta kwenye ngazi amekaa chini, askari wawili wamesimama juu yake. Amekunja kitenge changu vizuri, amekiweka magotini, amebaki na gauni lake la zamani. Akaninyooshea. "Chukua, kisije kikachafuka huko."

Yule askari wa kike alikimbia huku na huko, akaomba, akagombana na wakubwa wake mbele ya watu. Haikusaidia. Sheria ni sheria, walisema. Sheria ambayo kwa mkono wangu ilikuwa imelala usingizi, siku ile iliamka kabla ya alfajiri. Akafikishwa mahakama ile ile, chumba kile kile. Nilisimama nikataka kusema, nikaambiwa mimi siyo sehemu ya shauri. Miezi sita, ndani. Hakuna aliyemuuliza kama ana watu wanaomtegemea. Mimi nilikuwa namtegemea.

Alipotoka alipelekwa kambini moja kwa moja. Nilimfuata mara moja, nikamwona kupitia kwenye seng'enge, amekonda, tukashikana vidole. Alicheka. Aliniuliza kama goti linakunja. Baadaye Warundi wakarudishwa kwao, na nilipokwenda tena nikakuta mahali pa nyumba yake pana udongo mtupu na mafiga. Nimewauliza wafanyabiashara wa boti wanaokwenda Rumonge. Hakuna habari. Mume wangu alitoka kabla ya miaka mitatu, kwa tabia njema. Tabia njema! Yuko mjini hapa hapa, ameoa, na watu wanampa mkono.

Sasa mimi niko hapa. Nina biashara yangu, watoto wamekua, silali na hofu. Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyelifunga goti hili, na yule askari mkali, na kina mama wa kikundi hiki mlionipokea baadaye. Mmenifaa, sikatai. Lakini uchungu haujaniisha na sitawadanganya kwamba umeisha.

Mnataka funzo, na ushuhuda lazima uwe na funzo. Mimi funzo nililonalo siyo la mahakimu, hao hawapo humu. Wale waliofunga madirisha siku ile wapo. Nawaona. Mmoja ameniletea maji ya kunywa kabla sijaanza kuzungumza, nikayapokea, nikamwambia asante. Ninyi mlizaliwa hapa. Mna nyumba, mna majina yanayojulikana, polisi wakiwakuta barabarani wanawaamkia shikamoo. Mngesema neno moja tu, niliona, nisingelazimika kumtumia mwanamke ambaye hakuwa na ruhusa hata ya kukanyaga lami ya mji huu. Miezi ile sita aliyofungwa yeye, ndugu zangu, ilikuwa yenu.